Momoe Yamaguchi: nianzie wapi, na zile tamthilia za "Akai" zinaunganaje?

Mfuatiliaji_77
Wakuu, salaam. Nataka kumfuatilia Momoe Yamaguchi wa Japani kwa mpangilio, nyimbo na filamu zote mbili. Nimekwama sehemu tatu. Nyimbo zake za mwanzo na za baadaye ni kama za watu wawili tofauti, kulitokea nini? Filamu ipi itangulie? Halafu kuna tamthilia kadhaa zinazoanza na neno "Akai", sielewi kama ni moja yenye misimu au kila moja inajitegemea. Na ni kweli aliacha kazi akiwa na miaka 21 na hakurudi tena?

Santuri
Mkuu, nianze na nyimbo. Badiliko unalolisikia lina tarehe yake: 21 Juni 1976, ilipotoka Yokosuka Story.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa hivi. Desemba 1972, akiwa na miaka 13, aliingia fainali ya Star Tanjō! ya Nippon Television. Kwenye shindano hilo kijana aliimba, kisha kampuni za wasanii zilizomtaka zikanyanyua vibao vya majina yao. Alitoka wa pili, akachukuliwa na Horipro, na santuri zake zikatolewa na CBS/Sony. Santuri ya kwanza, Toshigoro (21 Mei 1973), iliishia nafasi ya 37 kwenye chati ya Oricon. Kwa aidoru, yaani kijana anayeuzwa kwa sura, umri na sauti kwa pamoja, hayo ni matokeo mabaya. Ya pili, Aoi Kajitsu, ikabadili mwelekeo: mashairi ya Kazuya Senke na muziki wa Shunichi Tokura vikamfanya binti wa miaka 14 aimbe maneno ya mapenzi ya mtu mzima. Ikafika nafasi ya 9, na Hito Natsu no Keiken ya 1974 ikamalizia kazi. Nasema wazi kwamba maneno hayo yaliandikwa na wanaume wazima yakawekwa kinywani mwa mtoto, na ukisikiliza leo yanakera. Kinachoziokoa nyimbo hizo ni yeye mwenyewe. Hadeki wala habembelezi, anaimba kwa sauti nzito ya chini kama anayetoa taarifa.

Mwaka 1976 yeye ndiye aliyetaka atungiwe na Ryudo Uzaki, mwanamuziki wa roki, ambaye alishirikiana na mkewe Yoko Aki kwenye mashairi. Wakamwandikia wimbo wa Yokosuka, mji wa bandari wenye kambi ya wanamaji wa Marekani, alikokulia na mama yake na mdogo wake. Sikiliza neno la ufunguzi, "korekkiri". Hiyo k mbili kwa Kijapani ni pumzi inayozuiliwa kidogo kabla ya silabi kuendelea. Yeye anaizuia kabisa, kila mara neno linaporudi, na ule ukimya mdogo ndio unaoupa wimbo ukali wake.

Fuata mpangilio huu: Toshigoro, Hito Natsu no Keiken, Yokosuka Story, Imitation Gold (1977), Kosumosu (1977), Playback Part 2 (1978), Ii Hi Tabidachi (1978), Sayonara no Mukōgawa (1980). Ukimaliza nane hizo utakuwa umeushika uti wa mgongo.

Jihadhari na mitego miwili. Kosumosu, utunzi wa Masashi Sada kuhusu binti na mama yake siku moja kabla ya harusi, huandikwa 秋桜. Ukizisoma herufi hizo kwa kawaida yake utapata "Akizakura", na orodha nyingi za mtandaoni zimeukosea hapo hapo. Mtego wa pili ni Playback Part 2. Muziki unakatika ghafla katikati, usidhani faili limeharibika, ndivyo wimbo ulivyopangwa. Na ukikuta rekodi ya televisheni ambamo "Porsche" jekundu limegeuka "gari" jekundu tu, hiyo ni ya NHK, shirika la umma ambalo halikutaka majina ya biashara hewani.

Picha_na_Sauti
Filamu: anza na Izu no Odoriko ya Desemba 1974, alipokuwa na miaka 15. Ndiyo filamu yake ya kwanza na Tomokazu Miura, mwigizaji aliyekuja kuwa mumewe. Lakini hakikisha mwaka, maana hadithi hiyo ya mwandishi Kawabata imetengenezwa filamu mara nyingi, na mwongozaji huyu huyu, Katsumi Nishikawa, aliishaipiga 1963 na Sayuri Yoshinaga. Ukiweza, tazama zote mbili. Hadithi inasimama juu ya kosa moja la macho: mwanafunzi anamdhania mcheza ngoma kuwa mwanamke mzima kwa sababu ya nywele zake zilizofungwa kwa fahari, kisha anagundua ni mtoto. Kwa Momoe kosa hilo linaaminika, kwa kuwa uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu mzima tangu hapo.

Kisha ruka hadi Shunkinshō (1976). Anacheza mwalimu asiyeona wa koto na shamisen, ala za nyuzi za Kijapani, mwenye kiburi na ukali. Hapo hana macho ya kuigizia, kazi yote imebaki kwa sauti, mikono na jinsi anavyoketi. Kwangu hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba alikuwa mwigizaji hasa.

Malizia na filamu iitwayo Koto (hapa si ile ala), ya mwongozaji Kon Ichikawa. Anacheza pacha wawili, Chieko aliyelelewa katika nyumba ya wafanyabiashara Kyoto, na Naeko anayefanya kazi kwenye misitu ya mierezi ya Kitayama. Ilitoka Desemba 1980, harusi yake ikiwa imeshapita, kwa hiyo usiitumie kama ushahidi kwamba "alirudi". Hii nayo ina toleo la 1963, la mwigizaji mwingine.

Hizo nyingine za kati unaweza kuzichukua kwa hiari. Filamu alizoongoza kama mhusika mkuu ni 13, na Miura yumo katika 12.

Damu_na_Siri
Hapa kwenye Akai ndipo wengi wanapopotea. "Akai" ni "nyekundu" tu. Ni mfululizo wa tamthilia za kituo cha televisheni cha TBS zilizotengenezwa na Daiei Television, na kila moja ina wahusika na kisa chake, hakuna inayoendeleza nyingine. Kinachochanganya ni kwamba waigizaji wanajirudia, hasa Ken Utsui, ambaye utamwona akiwa baba wa watu tofauti.

Za Momoe kwa mpangilio: Akai Meiro (1974–75), Akai Giwaku (1975–76), Akai Unmei (1976), Akai Shōgeki (1976–77), Akai Kizuna (1977–78), na Akai Shisen (1980), ya sehemu mbili, iliyokuwa kuaga kwake. Akai Gekiryū ya 1977 usiihesabu, humo anapita tu.

Kama ni moja tu, chukua Akai Giwaku, vipindi 29. Sachiko anapigwa na mionzi ya kobalti hospitalini, anapata saratani ya damu, na anapohitaji kuongezewa damu aina yake adimu, AB Rh hasi, inaanza kufichua siri ya uzazi wake. Usishtuke mama akibadilika sura katika vipindi vya mwanzo: Kaoru Yachigusa alitoka, Misako Watanabe akaingia kwenye nafasi ile ile. Hujaruka kipindi. Ukiikosa kwa jina la Kijapani, itafute kama Xue Yi (血疑), jina iliyooneshwa nalo China 1984. Ilipendwa mno huko, hadi nguo za Sachiko zikaigwa mitaani.

Santuri
Naongezea la kustaafu, maana linasimuliwa vibaya kama vile alilazimishwa au alififia. Desemba 1978, akiwa na miaka 19, alikuwa ndiye wa kufunga upande wa wanawake kwenye Kōhaku, shindano la nyimbo la NHK la usiku wa mwaka mpya, wanawake dhidi ya wanaume. Oktoba 1979 akatamka mwenyewe jukwaani Osaka kwamba ana mpenzi. Machi 1980 akatangaza ndoa na kuacha kazi kwa pamoja. Tarehe 5 Oktoba 1980, kwenye ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo, aliimba Sayonara no Mukōgawa akiwa na gauni jeupe, akailaza maikrofoni nyeupe sakafuni, akaondoka. Ndoa ilikuwa 19 Novemba. Mwaka huo huo alitoa kitabu chake, Aoi Toki, na humo amezungumzia bila kuficha hata habari za baba yake ambaye hakuishi nao.

Mfuatiliaji_77
Nashukuru sana wakuu. Na baada ya hapo hakuna chochote kabisa?

Picha_na_Sauti
Kuimba na kuigiza, hapana. Wanawe wawili ndio walioingia kwenye sanaa: Yutaro Miura anaimba, Takahiro Miura anaigiza. Yeye amejikita kwenye kushona mablanketi ya viraka, na 2019 alitoa kitabu cha kazi hizo, Toki no Hanataba. Hicho hukipati ukitafuta "Yamaguchi". Kaandika kwa jina la ndoa, Momoe Miura (三浦百惠). Nyimbo zake ziliwekwa kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni Mei 2020, na huko tumia jina la zamani, 山口百恵.