Kifungu cha sheria itakayotumika kimeninyamazisha miezi minane bila sababu

Wadau, kwa miezi minane nimeamini kwamba siwezi kumdai mteja aliyekataa kulipa ankara yangu ya mwisho, kwa kuwa mkataba wetu wa huduma unasema utatawaliwa na sheria za nchi yake, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Kila nilipokumbushia deni, ofisi yake ya sheria ilinijibu nisome kifungu hicho kisha nikafungue kesi huko. Nauli na wakili wa huko vingemeza fedha zote ninazodai, kwa hiyo nikanyamaza.

Wiki iliyopita wakili alinisomea kifungu hicho neno kwa neno, na hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Kinataja sheria itakayotumika kuufasiri mkataba, lakini hakisemi lolote kuhusu mahakama itakayosikiliza shauri. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa! Mahakama ya nchi moja inaweza kuamua shauri kwa sheria ya nchi nyingine, ingawa anayeitegemea sheria hiyo ya kigeni mara nyingi hulazimika kuithibitisha kwa ushahidi wa mtaalamu, na gharama yake si ndogo. Watu wa ofisi ya sheria wanaijua tofauti hiyo. Walichofanya ni kutumia kutojua kwangu.

Siku ya kutia saini niliambiwa kwamba hicho ni kifungu cha kawaida. Kama ni cha kawaida, mbona sheria iliyochaguliwa ni ya kwao? Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, Kanuni ya Roma I ya mwaka 2008 inaeleza kwamba wahusika wasipochagua sheria, mkataba wa huduma kwa kawaida hufuata sheria ya nchi yenye makazi ya mtoa huduma. Yaani mtoa huduma wa huko anayesaini bila kuuliza huenda anamwachia mteja nafasi ya kutumia sheria ya kwake, nafasi ambayo mtoa huduma angeipata kwa kukaa kimya tu.

Kifungu cha usuluhishi, yaani kinachopeleka mgogoro kwa msuluhishi badala ya mahakama, ni kingine tena, na chenyewe ndicho kinachoweza kukufungia mlango wa mahakama.

Barua ya madai nimeshaituma. Aliyewahi kumshawishi mteja mkubwa abadilishe sheria iliyochaguliwa, au ataje mahakama katika kifungu kinachojitegemea, naomba aweke hapa maneno waliyokubaliana.