Kozi ya wiki tatu za baridi Texas: SPCH 1315 au COMM 1307?

Mtoto wa Pangani
Wadau, habari za huko mliko. Naomba ushauri wa haraka, usajili umeshafunguliwa. Nataka somo moja kwenye muhula mfupi wa baridi hapa Texas, ule wa katikati ya Desemba hadi Januari. Nimebakiwa na mawili: SPCH 1315, kuhutubia hadharani, au COMM 1307, utangulizi wa vyombo vya habari. Yote krediti tatu. Lipi linafaa kwa muda huo?

Kipepeo_Houston
Karibu mkuu, ila hujatueleza kitu. Unasomea nini? Unahamia chuo kingine baadaye? Una viza ya mwanafunzi au makaratasi yako yameshakaa sawa? Kazi je? Darasani au mtandaoni? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Bin Lamu
1315, wala usisite. Tarakimu ya kwanza ni ngazi ya mwaka, ya pili ni krediti, na vyuo vya jamii vya Texas vinatumia namba za pamoja, kwa hiyo ukihama haliwi somo geni. Na kusimama mbele za watu utakuhitaji kazi yoyote utakayofanya.

Mama Furaha
Bin Lamu mwanangu, usimharakishe. Mimi nilisoma kuhutubia mtandaoni, wiki tatu hizo hizo, chuo sikitaji. Kila hotuba ilitakiwa irekodiwe mbele ya watu wazima watano, waonekane kwenye kamera mwanzo na mwisho, video isikatwe hata kidogo. Wiki ya Krismasi hiyo! Majirani wamesafiri, mimi niko zamu ya usiku. Nikawaomba kina dada wa kanisani waje saa nne asubuhi, nimetoka kazini sijafumba jicho. Hotuba ya kwanza nikaituma kabla ya siku yake. Kimya. Siku ya hotuba ya pili ikafika, sijapata maksi wala neno la masahihisho. Nikatuma hivyo hivyo. Majibu ya zote mbili yakaja usiku mmoja, nimekatwa alama kwa jambo lile lile: vyanzo nimeviandika kwenye muhtasari, lakini alitaka nivitaje kwa mdomo nikiwa nazungumza. Kwenye muhula wa wiki 16 mwalimu anakurudishia kazi, unajirekebisha. Kwenye wiki tatu kazi zinapandana.

Bin Lamu
Pole sana mama. Lakini hilo ni la mwalimu, si la somo.

Mama Furaha
Ni la muda, mwanangu. Hata mwalimu mwema hawezi kutazama video za darasa zima kwa siku mbili.

Mwl. Kasongo
Mama amesema kweli. Krediti tatu ni kama masaa 48 ya darasa. Gawanya kwa siku 15 za masomo, ni zaidi ya masaa matatu kila siku, bado hujafungua kitabu. 1307 inastahimili mbio hizo kwa sababu kazi kubwa ni kusoma. Mtakutana na watafiti McCombs na Shaw, waliowahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, North Carolina, kwenye uchaguzi wa rais wa 1968, wakaonyesha kwamba mambo yaliyopewa uzito na vyombo vya habari ndiyo wapiga kura waliyoyaona makubwa. Makala yao ilitoka 1972, na McCombs baadaye alifundisha miaka mingi hapo Austin. Hayo unayasoma leo, kesho unajibu jaribio. Sauti hainolewi kwa kasi hiyo.

Mtoto wa Pangani
Asanteni. Nina F-1, yaani viza ya mwanafunzi, nafanya kazi maktaba ya chuo, nitahamia chuo kikuu ila fani sijaamua. Somo ni la mtandaoni.

Kipepeo_Houston
Ndiyo maana niliuliza! Mapumziko ya baridi hulazimiki kusoma, kwa hiyo mtandaoni si tatizo. Spring, muhula unaofuata, ndiyo ya kuangalia: viza inakutaka uwe na krediti 12, na la mtandaoni litakalohesabiwa humo ni moja tu. La pili, sheria ya Texas kwa walioanza kuanzia 2007: vyuo vya umma vinakuruhusu kuacha masomo sita tu hadi shahada ya kwanza. Ukitoka kabla ya siku ya hesabu rasmi, chuo kinapohesabu waliosajiliwa, halihesabiwi, lakini kwenye wiki tatu siku hiyo inapita mapema mno. Fani ukiwa hujaichagua, angalia kwanza chuo unachoendea kinalihesabu lipi kwenye masomo ya lazima.

Sauti ya Goma
Mie naogopa lafudhi. Kuna mwalimu alinikata maksi za matamshi, na darasa zima lilikuwa limenielewa vizuri.

Mwl. Kasongo
Kaka, ulikuwa na haki ya kudai mwongozo wa alama. Kinachopimwa ni kueleweka, si kuzungumza kama mtu wa Dallas.

Bin Lamu
Kabisa. Redio zetu zimejaa lafudhi za kila pembe na watu wanasikiliza.

Sauti ya Goma
Tukiwa kwenye redio: kanisani tunaanza kipindi cha mtandaoni cha Kiswahili. Maikrofoni ipi haichukui mwangwi wa ukumbi?

Mtoto wa Pangani
Jumatatu namwona mshauri. Moyo uko 1307, ila nahisi atanitajia 1315.

Mama Furaha
Goma, tumieni ile ya kubana kwenye shati, na mtundike mapazia mazito. Ukumbi wenu una sakafu ya vigae?