Mama mkwe anataka mtoto aitwe Almudena, mama yangu Tanga anauliza ndiyo nini. Nishaurini

Kijana wa Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Madrid, mwaka wa sita huu. Mke wangu ni mzaliwa wa hapa hapa, na Mungu akipenda katikati ya Novemba tunapata mtoto wetu wa kwanza. Utrasaundi inasema wa kike.

Mgogoro uko kwenye jina. Bibi aliyemlea mke wangu alifariki mwaka jana, na aliitwa Almudena. Mama mkwe hajanilazimisha, lakini kila akimshika binti yake tumbo anasema "Almu anapiga teke". Yaani mtoto ameshapewa jina na mimi sijaulizwa.

Nikampigia mama Tanga. Kimya kidogo, kisha: "Al-nini?" Nikarudia. "Lina maana gani?" Nikajibu ni jina la Bikira Maria wa Madrid. Hapo ndipo nilipoharibu. Sisi ni Waislamu na mama ni mtu wa madrasa tangu ujana wake. Akasema "sawa mwanangu", ile sawa ambayo kila mwenye mama anaijua.

Mke wangu sitaki kumnyima jina la bibi yake. Mama naye sitaki awe na mjukuu asiyeweza hata kumtamka. Mwenye kulijua jina hili anisaidie: lina maana gani hasa, limetoka wapi, na ni kweli ni la kizee kama wanavyosema wafanyakazi wenzangu?

Kadogoo
Almudena? Mbona kama dawa ya kikohozi. Ngoja wajuzi waje, mimi nimekaa pale na karanga zangu.

Msafiri Kafiri
Hongera mkuu. Nilisoma Madrid miaka minne, nikakaa nyumba moja na Almudena wawili, mmoja mpishi na mmoja mwanafunzi wa sheria, kwa hiyo nina la kusema.

Kwanza, hilo ni jina la Madrid kama vile kuna majina ukiyasikia unajua huyu ni wa Pemba. Toka nje ya Madrid linapungua, vuka bahari uende Amerika ya Kusini utalikuta kwa nadra sana. Sababu ni kwamba Bikira wa Almudena ndiye msimamizi wa mji huo. Sikukuu yake ni tarehe 9 Novemba, ofisi za mji zinafungwa, misa inafanyika Plaza Mayor, sanamu inapitishwa mitaani, watu wanapeleka maua. Maduka ya mikate yanauza keki ya duara yenye tundu katikati, wanaiita corona de la Almudena. Mkeo akijifungua siku hiyo, ndugu yangu, usijisumbue na uzi huu. Limeshapita.

Uzee wa jina: wenzako hawajakosea sana. Ni jina la wanawake waliozaliwa miaka ya 60 hadi 80. Siku hizi watoto wa kike wa huko ni Lucía, Sofía, Martina, darasa moja unaweza kukuta Lucía watatu. Idara ya takwimu ya Hispania, INE, ina ukurasa ambao unaandika jina lolote unaona limekaa mikoa gani na miaka gani. Litafute pale mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ni sifa, binti yako hatageuka mara tatu kila mwalimu akiita.

Na si kwamba wamelisahau. Almudena Cid, mwanamichezo wa jimnastiki, alifika fainali za Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Atlanta 1996 hadi Beijing 2008. Stesheni ya Atocha unayopita kila siku, upande wa treni za mwendo kasi, sasa ina jina la mwandishi Almudena Grandes, mzaliwa wa Madrid aliyefariki 2021. Umepita chini ya hilo jina mara ngapi na begi lako mgongoni?

Ustadhi Nusu
Mleta uzi, umemjibu mama jibu la pili kabla ya la kwanza.

Jina hilo ni la Kiarabu. Al-mudayna. Sasa sikiliza. Una jirani mwenye mapacha Hassan na Hussein? Kila mtaa wa Tanga wapo. Hussein ni Hassan aliyefanywa mdogo. Kiarabu kinabadilisha irabu za ndani ya neno badala ya kuongeza kitu mbele kama sisi. Hasan, Husayn. Basi fanya hivyo hivyo kwa madina: madina, mudayna. Mji, mji mdogo. Sisi tungesema kijimji, na neno lenyewe kijiji lilizaliwa kwa njia hiyo, ni mji uliowekewa ki- mbele.

Ila mudayna ya Madrid haikuwa kijiji cha migomba. Ilikuwa ngome, sehemu ya ndani yenye kuta ambako mtawala na askari wake walikaa. Mji wenyewe ulianzishwa na Amiri Muhammad I wa Córdoba, karne ya 9, ukiitwa Mayrit. Ukienda Palma, kule Mallorca, utakuta jumba la kifalme linaitwa Almudaina, neno lile lile.

Kwa hiyo mama akiuliza tena, mwambie ni Madina mdogo. Halafu nyamaza, umuache amalize mwenyewe.

Kijana wa Chumbageni
Ustadhi, hapa nilipo nimesimama. Mama yangu ana dada yake anaitwa Madina.

Ustadhi Nusu
Unaona sasa.

Shangazi Mkali
Naomba nimwage maji ya baridi kidogo, maana mnashangilia kama harusi. Mimi nimefanya kazi za ndani Madrid, watoto wa watu nimewalea. Pale ukisema "tumempeleka Almudena", watu hawafikirii mtoto, wanafikiria makaburi. Ni makaburi makubwa kuliko yote ya mji ule na yanaitwa hivyo. Mnampa mtoto mchanga jina la makaburi?

Kadogoo
😳 Karanga zimenikwama.

Mama Pacha
Shangazi, na Kinondoni je? Makaburi yapo, na watu wanaishi Kinondoni, wanaoana Kinondoni, wanapangisha vyumba kwa bei ya kutisha Kinondoni. Makaburi ndiyo yaliyochukua jina, si jina lililotoka makaburini.

Halafu Wahispania hawaogopi majina mazito. Wanawaita mabinti kwa sifa za Maria: Dolores ni maumivu, Soledad ni upweke, Nieves ni theluji, Pilar ni nguzo, Consuelo ni faraja. Sisi tuna Tabu, Shida, Mashaka, na tuna Faraja na Rehema. Mercedes, ambalo kila mtu anadhani ni gari, ni jina la kike la Kihispania lenye maana ya rehema. Gari ndilo lililoitwa kwa jina la binti wa mfanyabiashara. Nani amewahi kumcheka mtu kwa kuitwa Rehema?

Shangazi Mkali
Haya, mmenishinda. Lakini msije mkasema sikusema.

Mzee wa Baraza
Nimechelewa, umeme ulikatika. Ustadhi amesema kweli, ila kuna maneno mawili yamebaki.

Wanakanisa wa Madrid wana hadithi. Wanasema Waislamu walipokuja, mwaka 712 hivi, Wakristo waliificha sanamu ya Maria ndani ya ukuta wa mji, na mishumaa miwili ikiwaka. Mfalme Alfonso VI alipouchukua mji, mwaka 1085, kipande cha ukuta kikaanguka, sanamu ikaonekana na mishumaa bado inawaka. Ndiyo 9 Novemba yenyewe hiyo. Sasa hesabu kidogo, kijana: ukuta umejengwa na Amiri Muhammad I, na huyo alianza kutawala mwaka 852. Sanamu ilifichwaje ndani ya ukuta ambao ulikuwa bado miaka zaidi ya 100 kujengwa? Usimwulize mama mkwe swali hilo wakati wa chakula. Hadithi za namna hiyo tunazo wenyewe, na hatupendi mgeni azihesabu.

La pili. Wapo wanaolitoa jina kwenye almudí, ghala la nafaka, wakisema sanamu ilionekana karibu na ghala. Hilo nalo ni Kiarabu, al-mudd, kipimo. Mudd nne ndiyo swaa moja, kile kipimo cha zaka ya fitri, kama kwetu vibaba vinne ni pishi. Mimi nashika la ngome, lina nguvu zaidi. Lakini ushike hili au lile, umerudi kwenye Kiarabu.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba Wakristo waliuteka mji wakabaki na jina. Maria wao mpaka leo anaitwa kwa neno la ngome ya amiri. Na kanisa lake kuu lilichelewa kweli: jiwe la msingi 1883, limewekwa wakfu 1993 na Papa Yohane Paulo II. Ukitoka hapo mlangoni ukateremka kidogo, kuna bustani inaitwa Emir Mohamed I, na kipande cha ukuta wa zamani kimesimama pale. Mpeleke mkeo mkapige picha, umtumie mama.

Kijana wa Chumbageni
Mzee, bustani hiyo naipita nikienda kazini. Siku zote nilidhani ni ukuta wa mfereji wa maji.

Msafiri Kafiri
😂😂 Miaka sita.

Nyuki wa Mvita
Mimi naona mwalikuza tu hili jambo. Wakatoliki wa Hispania na Ureno huwaita watoto wao Fátima, na hakuna sheikh aliyekwenda kuwadai. Wameitoa kwa mji wa Fátima ulioko Ureno, ambako watoto walisema wamemwona Maria mwaka 1917, na mji wenyewe ulikuwa na jina la Kiarabu toka kale. Majina huvuka. Na huyo Maria ni Maryam, ana sura yake kamili ndani ya Qur'ani. Tanga kuna kina Mariamu wangapi?

Lugha yao yenyewe ukiisikiza imejaa vitu vya nyumbani. Azúcar ni sukari. Alcázar ni kasri. Meya wao ni alcalde, yaani kadhi. Na hasta, ile ya "mpaka kesho", ni hata yetu hii hii. Mwambie mama mkwe nusu ya kinywa chake ni cha kwetu.

Ustadhi Nusu
Nyuki, wote tumekopa duka moja. Usimwambie mama mkwe hivyo.

Mama Pacha
Tuongee mambo ya karatasi, maana naona wanaume wamehamia historia. Mimi nimejifungua Hispania mara mbili. Fomu ya kuandikisha mtoto unajaziwa hospitalini, wanaituma ndani ya saa 72. Usipofanya hapo unakwenda mwenyewe ofisi ya vizazi ndani ya siku 10. Kwa hiyo usiseme utangoja akika siku ya saba ndipo mkae kikao cha ukoo, mtabishana kwenye simu huku muuguzi amesimama na kalamu.

Mtoto mwenye mzazi Mhispania anaruhusiwa majina mawili na si zaidi, kisha majina mawili ya ukoo, moja la baba na moja la mama. Zamani la baba lilitangulia, sasa mnapatana wenyewe. Na hapo jiandae: sisi jina la tatu ni la babu, wao wanalichukua kama la ukoo, mtoto ataitwa kwa jina la babu yako maisha yake yote. Kwangu ilileta kicheko, baba mkwe hakuamini.

Mnaweza kumwandika Almudena Madina. Ni kama kumwita Kijimji Mji, lakini huko nani anajua?

Kadogoo
Kijimji Mji bin Chumbageni. Nimependa.

Msafiri Kafiri
Na kutamka, mwambie mama asihangaike. Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, vile vile kama Kiswahili: al-mu-DE-na. Ile d ya Kihispania katikati ya irabu ni laini, karibu kabisa na dh ya dhahabu. Mama wa Tanga atalitamka vizuri kuliko Mwingereza yeyote. Almudhena. Nyumbani watamkatisha tu kuwa Almu.

Kijana wa Chumbageni
Nimerudi, wakuu. Nimempigia mama baada ya swala ya isha, nikafuata agizo la Ustadhi. Nikamwambia, "Mama, lile jina ni la Kiarabu, ni Madina mdogo, kama Hussein kwa Hassan." Nikanyamaza.

Akanyamaza na yeye. Halafu nikasikia anamwita mtu pale nyumbani: "Madina! Njoo, njoo usikie, kuna mwenzio Ulaya." Wameongea wao kwa wao kama dakika kumi, simu ikiwa wazi, salio linakwenda. Mwisho akarudi kwangu: "Waandike watakavyo. Mimi nitamwita Madina. Na mwambie mkwe wangu asinibishie." Kisha akauliza kama bibi wa mke wangu alikufa kwa maradhi gani, akamwombea.

Mke wangu nilipomtafsiria alilia kidogo. Kuhusu kuandika Madina kama jina la pili bado tunaongea, mama mkwe anasema Medina kwao ni jina la ukoo na la miji, Medina del Campo na nyingine, watu watadhani karani amekosea safu. Lakini anacheka akisema hivyo, kwa hiyo naona tutafika.

Ustadhi, Mzee, Mama Pacha, mnanidai keki ya duara.

Shangazi Mkali
Na mimi nimechangia.

Kijana wa Chumbageni
Na wewe Shangazi, kipande chenye tundu.

Kadogoo
Swali la mwisho. Hivyo vipimo vinadanganya. Akija wa kiume je?

Kijana wa Chumbageni
Mama mkwe ameshataja Isidro, msimamizi wa pili wa Madrid, sikukuu yake tarehe 15 Mei.

Mzee wa Baraza
Isidro ni Kigiriki, Isidoros. Zawadi ya Isis, mungu wa kike wa Misri ya kale. Kwa hilo, kijana, utafungua uzi mwingine.