Udongo wa Sabaki, wa bara, au wa magunia kutoka Nairobi?

Mwanamambrui:
Assalam alaykum ndugu zangu. Wiki ijayo naagiza udongo wa kufinyanga na moyo umegawanyika. Kuna uliotayarishwa kabisa Nairobi, waletwa Malindi kwa magunia. Kuna wa ukingo wa mto Sabaki, bure, jembe langu tu. Na kuna mama mmoja wa Kigiriama huko bara, aniuzia mbichi kwa debe. Nichukue upi?

Fundi_Kibaoni:
Waalaykum salaam. Kaka, wafinyanga nini, na wachomea wapi? Hujasema hata moja. Udongo wa chungu cha kupikia si wa sanamu.

Mama_Vyetezo:
Chukua wa bara, mwanangu. Huyo mama ameshachagua shimo lake miaka mingi. Ukifika, sokota kipande unene wa kalamu, ukizungushe kidoleni. Kikikatika, mwambie akuonyeshe shimo jingine.

Mshela:
Mimi niko Lamu, na nataka uyasikie yaliyonipata. Nilichimba tope jeusi karibu na mikoko, laini kama siagi, nikafurahi. Nikaliponda likiwa kavu, nikachekecha kwa chekeche la unga, nikafinyanga vyetezo 14 vya arusi ya dada yangu. Nikavikausha, nikapeleka kwa jamaa mwenye tanuri la umeme. Vikatoka vizuri, vyekundu, nikavipanga rafuni. Siku ya nne nasikia tk, tk. Kila chetezo kilikuwa kinatoa magamba, na chini ya kila gamba pana kitone cheupe. Vilikuwa vipande vya kombe, vidogo kuliko tundu za chekeche. Kombe likiungua hugeuka chokaa, na sisi Lamu twaijua chokaa: ikipata unyevu huvimba. Hewa ya pwani ikatosha kuivimbisha. Na juu ya hayo, chumvi ilikuwa imetoka utando mweupe usiofutika. Vyote 14 vilikwisha, na arusi ilikuwa Ijumaa. Nililia. Tangu hapo, udongo wowote nautia matone ya siki kwanza. Ukitoa povu, nauacha ulipo.

Mama_Vyetezo:
Pole sana mwanangu. Lakini bibi yangu alichanganya mchanga wa ufuoni maisha yake yote, na hakikupasuka kitu.

Mshela:
Mchanga wa ufuoni una kombe tele, bibi. Siwezi kuugusa tena.

Fundi_Kibaoni:
Nyote mwasema kweli. Bibi alichoma kwa makumbi ya nazi na kuni, moto haukupanda sana, kombe halikuiva likawa chokaa. Tanuri la umeme lapita nyuzi 900, hapo ndipo chokaa huzaliwa. Ndiyo maana nimeuliza anachomea wapi! Na huo wa Nairobi, mwingi umetengenezewa tanuri. Ukiuchoma kwa makumbi utabaki dhaifu.

Galana_2:
Sabaki msiidharau. Ila panda juu, mbali na mahali maji ya bahari yanapofika, uchimbe wa chini. Ule wa juu ulioletwa na mafuriko una vumbi jingi, haushikani. Roweka siku 3, koroga, chuja kwa kitambaa cha chandarua, acha utulie, mwaga maji ya juu. Rudia mara mbili, chumvi itapungua. Kisha mimina kwenye shuka kuukuu uning'inize kivulini.

Mama_Vyetezo:
Na uchanganye vigae vilivyotwangwa, bakuli 1 kwa 5 za udongo, usipasuke. Usisahau.

Mwanamambrui:
Shukran nyote. Nataka mitungi na vichwa vya sanamu. Tanuri sina, nachoma shimoni kwa makumbi.

Fundi_Kibaoni:
Sasa umesema. Vichwa uvitoboe ndani, visiwe donge, na vikauke wiki mbili au zaidi. Kabla ya kununua debe 10, nunua 1. Chora mstari wa sentimita 10 kwenye kigae kibichi, upime kikishakauka, upime tena kikishachomwa, ujue udongo wasinyaa kiasi gani.

Galana_2:
Ukienda Sabaki usiende peke yako, na si alfajiri. Viboko wapo, mamba wapo.

Mshela:
Galana, huko juu magari yafika? Nataka kuja na madebe kabla ya masika.

Galana_2:
Pikipiki yafika. Gari, hutegemea mvua ya bara.