Tupeane uzoefu: Mpiga kasia alazimishwe mafunzo na leseni?

Kasia Mbili (Ukerewe)

Wakuu, habari za humu ndani. Juzi kwenye kikao cha BMU, kikundi chetu cha usimamizi wa mwalo, mgeni mmoja alisimama akatoa hoja kwamba kila anayepiga kasia ziwani, awe mvuvi, mvushaji au mtoto wa shule, apitie mafunzo ya usalama na apewe leseni. Asiye nayo asishushe mtumbwi majini. Mwalo ukalipuka. Wazee wakasema wao wamezaliwa majini, vijana wakasema ni kodi nyingine imevalishwa jaketi okozi. Mwenyekiti akafunga kikao kabla watu hawajakunjana.

Leseni ya uvuvi tunalipia, na chombo kinaandikwa namba, lakini mimi sijawahi kuulizwa na mtu yeyote kama najua kuurudisha mtumbwi uliopinduka. Na Ziwa Victoria lenyewe mnalijua: zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka, pepo za pande zote zinakutana huko katikati, radi inaanza kupiga saa nane za usiku wakati wavuvi wa dagaa ndio kwanza wako na taa zao.

Masharti ya uzi: kisa kwanza, maoni baadaye. Kiwe chako, si cha kusikia. Majina ya watu tusitaje.

Mwalimu wa Visiwani

Ngoja nianze. Nilifundisha shule moja ambayo sehemu ya wanafunzi walitoka kisiwa cha jirani, na kivuko hakuna. Walikuja kwa mtumbwi wa kasia, wapiga kasia wakiwa wavulana wa darasa la sita na la saba. Sare wamevua na kuzikunja ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na madaftari, mdogo wao anakaa katikati na kopo la kukumba maji.

Kilichonishangaza ni madumu. Kila mtoto alifungwa madumu mawili ya lita tano, mifuniko imezungushiwa nailoni ikakazwa, kamba inapita kifuani kisha katikati ya miguu. Babu yao, mvuvi mstaafu, ndiye aliyewafungia, na hiyo ya miguuni ndiyo aliyoikazania. Bila hiyo dumu linapanda juu na mtoto anabaki chini.

Asubuhi moja upepo uliwakuta katikati, mtumbwi ukajaa. Wakafanya walivyofundishwa na babu: hakuna kuogelea kwenda ufukweni hata kama unauona, wote wanashika mtumbwi, wakubwa upande wa wimbi, wadogo upande wa pili. Mvuvi aliyekuwa akirudi akawakuta hivyo. Kilichopotea ni madaftari.

Sasa maoni. Leseni ikija itakuja na umri, na hao watoto siku hiyo hiyo wamekatazwa kwenda shule. Lakini alichokifanya babu kingeweza kufundishwa kila shule ya visiwani kwa mchana mmoja. Mafunzo ndiyo, leseni hapana.

Mbita Point

Mimi wa Homa Bay, Kenya. Cheti niko nacho, tena kimewekwa fremu. Tuliitwa chini ya mwembe siku moja, tukapewa soda na mkate, tukasikiza hotuba ndefu juu ya moto ndani ya meli. Moto! Boti yangu ni ya kasia na tanga, kitu cha moto mle ni sigara ya fundi wa nyavu. Jioni tukalipa, tukatia sahihi, tukapigwa picha. Hakuna aliyelowa hata soksi. Waliotuletea siwataji.

Kitu tungefunzwa hapo ni magugu maji. Upepo ukiyasukuma yakuzunguke, ukianza kupambana nayo kwa kasia unaisha nguvu, na kasia linaweza kuvunjika. Inabidi ukae, uweke maji ya kunywa karibu, upige simu, ungoje upepo ugeuke. Simu yenyewe iwe kwa karatasi ya nailoni imefungwa fundo mara mbili. Hiyo hakuna aliyeisema pale chini ya mwembe.

Tanga Limechanika

Leseni ya kupiga kasia! Kesho mtaleta leseni ya kuoga ziwani. MV Nyerere mwaka 2018 hakikuwa kimtumbwi cha babu, kilikuwa kivuko cha serikali chenye uwezo wa abiria 101, na wakafa watu zaidi ya 220. Karatasi haijawahi kuelea. Napita.

Maji ya Kasi (Jinja)

Usipite haraka, mkuu.

Mimi Mkenya ila kazi yangu iko Jinja, Uganda. Natangulia na kayaki mbele ya maboti ya mpira yanayoteremka na watalii kwenye maporomoko ya Nile. Boti ikipinduka, mimi ndiye naokota watu. Kwenye kazi hii kuna vyeti vya shirikisho la kimataifa la rafting, IRF, na hicho hukipati kwa kukaa kwenye kiti. Unaogelea maji ya kasi, unarusha kamba ya kuokolea mtahini akiangalia, unaigeuza boti iliyolala kifudifudi. Hicho nakiita cheti, si kile cha ndugu yangu wa Mbita.

Mtalii mwenyewe hadaiwi cheti chochote. Anapewa somo fupi kwenye maji yaliyotulia kabla ya poromoko la kwanza, na tunampindua makusudi. Akishajua boti ikigeuka mambo yanakuwaje, hofu inapungua sana. Tunamwambia: ukianguka lala chali, miguu mbele, vidole vionekane juu ya maji, usijaribu kusimama. Mguu ukinasa kati ya mawe, maji yanakulaza uso chini na hakuna wa kukuinua.

Lakini ng'ambo ya mto, maji ni yale yale, kuna mvushaji amesimama kwenye mtumbwi wa mbao na baiskeli, mikungu ya matoke, na mama mwenye mtoto mgongoni. Somo hakuna, jaketi hakuna.

Siku moja kasia la mvushaji kama huyo lilivunjika juu kidogo ya poromoko. Jamaa alikuwa hodari: akaruka majini na kamba ya mtumbwi mdomoni, akawa anauvuta kuelekea kando. Sisi tukamfikia, tukausukuma. Ila mtumbwi uliinama, mama akaanguka. Silika yake ilikuwa kulala chali ili uso wake upate hewa, na alipolala chali, mtoto aliyefungwa mgongoni kwa leso ndiye aliyekwenda chini. Mwenzangu alimgeuza, akakata fundo. Mtoto alilia, na sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Tangu hapo kila mama ninayemwona anapanda mtumbwi na mtoto mgongoni, namwomba amhamishie kifuani. Wengine wananiona kichaa.

Msimamo wangu: anayevua peke yake muacheni na riziki yake. Anayepokea nauli ya mtu mwingine apimwe, tena apimwe akiwa ndani ya maji. Bodaboda tuliwadai leseni kwa sababu wanabeba watu. Mvushaji ana tofauti gani?

Tanga Limechanika

Hapo kwenye mtoto mgongoni umenifunga mdomo. Nimerudi, naendelea kusoma.

Binti wa Kendwa

Jamani mimi wa Unguja, kaskazini. Wavuvi wetu siwaogopei. Mtoto wa kwetu hajajua kusoma vizuri anajua bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, anajua mkondo unapita wapi. Ninaowaogopea ni wageni wanaokodishwa kayaki na yale mabao ya kupiga kafi kwa kusimama.

Upande wetu ni wa magharibi. Wakati wa kusi, pepo za kusini, upepo unatokea nchi kavu, kwa hiyo ufukweni hapana wimbi hata la kulowesha kanga. Mgeni anaona shwari. Akishatoka nje kidogo upepo unamshika mgongoni, kila kafi moja linampeleka mbali, anajiona hodari kwelikweli. Anapogeuka ndipo anapolijua kusi. Kaka yangu keshawafuata wengi na ngalawa. Mmoja tulimkuta kakaa juu ya bao, miguu imo majini, kafi limemponyoka, analia kwa lugha tusiyoijua. Tulipomrudisha, waliomkodisha hawakuwa na habari kuwa katoka.

Kwa hiyo leseni apewe mwenye kukodisha, si mwenye kukodi. Na masharti yasizidi kiganja: boya livaliwe si kulaliwa, ufukweni awepo mtu wa kuangalia, na kuwepo chombo cha mashine kilicho tayari. Upepo wa nchi kavu ukizidi, hakuna kukodisha, hata mgeni akilipa mara mbili.

Jengine ni wanawake wa mwani. Wanashinda majini na wengi hawajui kuogelea. Pale Nungwi mradi wa Panje umekuwa ukifundisha kuogelea tangu 2011, na mabinti wanaingia majini wakiwa wamesitirika, basi udhuru wa stara haupo tena. Hilo kwangu linatangulia leseni yoyote.

Mtanganyika Ontario

Salamu kutoka Canada. Kwa wanaodhani huku kila kitu kina leseni: ukiwasha injini kwenye boti ya starehe, unatakiwa kuwa na kadi ya uendeshaji. Ukishika kafi, hudaiwi kadi. Sheria inachodai kwenye mtumbwi na kayaki ni vifaa: jaketi okozi la saizi ya kila aliyemo, kamba ya kurusha inayoelea isiyopungua mita 15, na filimbi au kitu kingine cha kupiga kelele. Jaketi lazima liwemo. Kulivaa ni hiari ya mtu mzima. Na hapo ndipo watu wanapokwisha. Kwa majirani zetu Marekani, takwimu za Walinzi wa Pwani zinarudia wimbo ule ule: katika wanaokufa maji kwenye ajali za boti za starehe, zaidi ya asilimia 80 hawakuvaa jaketi.

Kisa changu. Nimekulia Kigoma, kuogelea nilijifunza kabla ya baiskeli. Nilipojiunga na klabu ya kayaki huku, barafu ilikuwa imeyeyuka si muda mrefu, mwalimu akatuamuru tuingie ziwani na majaketi. Nikacheka kimoyomoyo. Nilipozama tu pumzi ikakatika, nikawa natweta bila kutaka. Bila jaketi, maji ningeyavuta kifuani pale pale. Kanuni wanayofundisha inatokana na kazi ya profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba: dakika 1 ya kuitawala pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na kama saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Umahiri wangu wote wa Tanganyika haukuwa na jibu kwa ile dakika ya kwanza.

Ndiyo maana sipendi leseni moja ya nchi nzima. Aliyefaulu Coco Beach hajui kitu kuhusu Nile, na wa Nile hajui kusi la Kendwa.

Pondo la Rufiji

Huku mtahini wetu ni kiboko. Unapita maji mafupi karibu na ukingo, unagonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo, ule mti wa kusukumia, kila mara ili aliyezama ajue unakuja, aibuke umwone. Usijiweke kati yake na kilindi. Anayekuja na fomu za leseni namkaribisha, akae mbele.

Kasia Mbili (Ukerewe)

Nimecheka, Pondo. Mimi bado najiuliza kuhusu Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani na watu 43, wavuvi ndio waliowahi na mitumbwi yao, na 24 walitoka hai. Hakuna aliyeulizwa cheti asubuhi ile.

Mwalimu wa Visiwani

Hakuna anayebeza ushujaa wao. Lakini kijana Majaliwa Jackson, mmoja wa wavuvi hao, mwenyewe alisimulia kwamba alipigwa na kamba usoni akapoteza fahamu, akazindukia hospitali. Baadaye serikali ikaagiza aingizwe Zimamoto. Kama wavuvi ndio waokoaji wetu wa kwanza, mafunzo wapewe kabla ya ajali, bure, na kamba na majaketi yabaki mwaloni.

Tanga Limechanika

Neno "bure" ndilo nililokuwa nalitafuta uzi mzima.

Fundi Mitumbwi (Musoma)

Nimesoma wote. Mnamjadili mpiga kasia, mtumbwi hamuulizi.

Mbao inaelea. Mtumbwi mtupu ukijaa hauendi chini, unalala ukingo sawa na maji. Tatizo ni kwamba ukishalala hivyo huwezi kuukumba, kila wimbi linarudisha ulichotoa. Mimi nafunga madumu ya lita 20, mawili mbele na mawili nyuma, chini ya viti, kamba inapita kwenye mataruma, zile mbavu za mtumbwi, na si kwenye misumari. Ukijaa, ukingo unabaki juu kidogo. Wawili wanaushikilia kutoka majini, wa tatu anakumba mpaka unapanda. Madumu ni yale yale yaliyokwisha mafuta ya kula. Na bado wateja wananiambia niyatoe kwa sababu yanakula nafasi ya dagaa! Huyo ndiye ningemnyima leseni.

Kuhusu jaketi, wavuvi hawavai kwa sababu vifungo vinanasa wavuni na joto ni la kuchemsha, si kwa ubishi tu. Na mengine ya bei rahisi ni sponji inayonyonya maji. Ukinunua, lizamishe kwenye pipa usiku kucha, juu yake weka jiwe. Asubuhi toa jiwe: lisiporuka juu, rudisha dukani.

Nina mtumbwi mmoja uko juu ya magogo, bado sijaupiga kalafati kuziba nyufa. Anayetaka kuona madumu yanavyofungwa apite kabla ya Jumamosi, maana nikishapigilia viti huoni kitu. Na huyo mgeni wa BMU yenu, Kasia Mbili, mwelekeze na yeye aje.