Skimu ya bayo Fom 3 ya mwaka mzima, nyinyi mnaipangaje bila kuachwa nyuma?

Mgeni_wa_Shinyalu

Mulembe walimu wenzangu. Niko shule moja ya kutwa huku Shinyalu, bodi ya shule iliniajiri Desemba, nimepewa bayo ya Fom 3 mikondo miwili. Mkuu wa idara anataka skimu ya mwaka mzima (mpango wa kazi, wiki kwa wiki) iwe kwa meza yake Ijumaa na leo ni Jumatatu usiku.

Nimezunguka kwa magrupu ya WhatsApp nikapata skimu nne, zote ni kama zimezaliwa na mama mmoja, hata makosa ya kuandika ni yale yale, moja bado iko na 2019 hapo juu. Zote zinaanza klasifikesheni wiki ya kwanza, alafu ikolojia, alafu uzazi wa mimea na wanyama, alafu ukuaji. Sawa, ndio mpangilio wa silabasi, sina ubishi. Lakini nikiwa tichingi (mazoezi ya ualimu) niliandika skimu tamu sana, rangi mbili na rula, kufikia wiki ya 5 nilikuwa nimeachwa nyuma wiki tatu nzima na sikuelewa vipindi vilienda wapi.

Sasa hawa watoto ndio wa mwisho wa 8-4-4, mtihani wao ni 2027 na hakuna darasa linalowafuata, kwa hivyo hata hiyo mambo ya kurudia Fom 3 haipo tena. Nikiharibu nimeharibu. Niko na watoto 54 kwa mkondo mmoja, darubini ni tatu lakini inayoona ni moja. Nipeni njia mnayotumia kweli, si ile ya kumwonyesha mkuu wa idara.

MadamBenedict

Karibu kazini mwalimu. Niko Kakamega pia, nimefundisha hii kitu miaka 17, wacha nikwambie vipindi vyako vilienda wapi.

Kalenda inasema muhula wa kwanza wiki 13, wa pili 14, wa tatu 9. Jumla 36. Ukipanga na 36 umekwisha. Toa wiki tatu za kufungua shule, moja kila muhula, kwa sababu nusu ya darasa iko nyumbani inatafuta karo na hao wengine wanakata nyasi. Toa wiki sita za mitihani, ya katikati na ya mwisho, kwa maana hata kama wewe husimamii utakuwa unasahihisha. Toa moja ya likizo fupi zikijumlishwa. Umebaki na 26. Kama shule yenu inatoa vipindi vitano kwa wiki hiyo ni 130, na muhula wa pili mpira utakula vya alasiri (timu yenu ikifika kaunti utalia na kushangilia pamoja), kwa hivyo mimi huandika 120 na sigusi zaidi. Nagawa hivi, klasifikesheni 18, ikolojia 35, uzazi 45, ukuaji 12. Hizo kumi zinazobaki ni za kuzima moto.

Sasa kitu ambacho hakuna skimu ya WhatsApp itakwambia. Usianze na kitabu, anza na mvua. Bayo inahitaji vitu vilivyo hai na vitu vilivyo hai havisomi silabasi. Mwaka wangu wa tatu kazini nilifundisha uchavushaji Februari kwa sababu nilitaka kumaliza mapema nionekane mkali. Hakuna hindi hata moja limesimama kaunti nzima! Nikachora kwa ubao, watoto wakachora nilichochora, mtihani ukaleta picha ya ua la kiume la mahindi wakaandika ni nyasi. Na hawa ni watoto wa kulima, wamezaliwa ndani ya mahindi.

Siku hizi natenga mistari mitatu nyuma ya lebu, wanapanda wenyewe katikati ya Machi, mahindi na maharagwe pamoja. Mwisho wa Mei na Juni mahindi yanatoa ua la kiume juu na ndevu kwa kiuno, hapo ndio nafundisha uchavushaji wa upepo. Mtoto anatingisha shina, chavua inamwanguka kwa sweta kama unga wa manjano, unamuuliza kwa nini mmea utoe nyingi hivyo, anakujibu mwenyewe kabla hujafungua kitabu. Alafu unamfunga hindi moja ndevu kwa karatasi kabla hazijatoka vizuri, unamwacha jirani wazi, Julai wanamenya yote mawili. Lile lililofungwa punje unahesabu kwa vidole. Hilo swali sijawahi kurudia kufundisha.

Na mbegu za maharagwe na mahindi kwa pamba, ile ya kuonyesha maharagwe yanainua kotiledoni juu ya udongo na mahindi yanaacha punje chini, usingoje topiki ya ukuaji muhula wa tatu. Fanya hiyo hiyo Machi wakipanda. Wapime urefu kila siku ya pili waandike kwa daftari, Septemba unarudi kwa hizo namba unachora grafu. Data ni yao, hakuna mtu anadanganya.

Klasifikesheni usiiogope, kila mtu huifanya majina tupu. Nyinyi mko karibu na msitu na mto Isiukhu, waambie walete kuvumwani, uyoga, na ile mimea ya kivulini yenye vidoti vya kahawia chini ya majani, jongoo, tandu, kupe wa ng'ombe kwa chupa. Wiki mbili za Januari lebu itanuka lakini watajua tofauti ya jongoo na tandu mpaka wazeeke.

Skimu_Ni_Skimu

Madam nakuheshimu lakini mimi naona unampoteza huyu kijana. Niko Nakuru. Huku tunafanya mtihani wa jointi, wa shule nyingi pamoja, kila muhula, unatoka nje, unafuata mpangilio wa silabasi, na alama zinawekwa kwa orodha shule kwa shule. Mimi nilijaribu hiyo mambo ya kuruka ruka topiki, jointi ikaja na nusu ya swali la ikolojia ambayo nilikuwa nimeiacha ya baadaye. Prinsipo hakuniuliza habari ya mvua, aliniuliza kwa nini tumekuwa wa 31.

Na huyu ameajiriwa na bodi. Nyinyi wa TSC, mlioajiriwa na tume ya serikali, mnaweza kubishana na mkuu wa idara, yeye mkataba wake ni wa muhula. Aandike skimu kwa mpangilio wa silabasi, atie sahihi, apumzike. Hayo mahindi apande tu kama anapenda mahindi.

MadamBenedict

@Skimu_Ni_Skimu hapo kwa jointi uko sawa, na sikusema aruke topiki. Angalia tena, klasifikesheni Januari na Februari, ikolojia Machi mpaka katikati ya Mei, uzazi unafuata mpaka Julai, ukuaji Septemba. Huo ni mpangilio wa silabasi! Nilichofanya ni kuvuta *vitu* mbele. Mbegu zinaingia udongoni miezi miwili kabla ya topiki yake. Mimi kwa skimu naongeza safu moja upande wa kulia, naiita "andaa", naandika pale kitu cha kufanya leo kwa ajili ya kipindi cha wiki kumi mbele. Mkuu wa idara hata hajawahi kuiuliza.

Jamaa_wa_Dunga

Nimecheka hapo kwa unga kwa sweta 😂 kweli kabisa.

Mimi ni wa Kisumu, niongeze ikolojia. 35 ni vingi na ndio topiki watu hufundisha vibaya zaidi, mtu anasoma maana ya niche na habitati na ekosistimu mpaka watoto wanalala. Mimi siku ya kwanza naenda sokoni saa kumi na mbili asubuhi nanunua mbuta (sangara) mmoja mdogo ambaye hajapasuliwa tumbo, unamwambia mama mapema kwa sababu wao hupasua haraka haraka. Tunafungua tumbo mbele ya darasa kwa sinia. Mwaka jana tulitoa omena (dagaa) wanne, wawili bado unaona macho, na kamba wadogo wale wa ziwa rundo. Sijasema neno "mnyororo wa chakula" bado na tayari uko kwa sinia. Alafu unauliza omena alikula nini, hapo wanakwama, ndio unaleta vile vijidudu vya majini na mwani, unashuka mpaka kwa jua.

Baadaye unawapa kisa cha ziwa lenyewe. Mbuta aliwekwa Ziwa Victoria miaka ya 50 na 60, hakuwa wa hapa, akamaliza aina nyingi sana za fulu, wale samaki wadogo wa ziwa. Waulize wazee wao nyumbani fulu walikuwa wangapi zamani, watakuja na hadithi. Alafu magugu maji, mbolea na uchafu wa miji vinaingia ziwani, magugu yanashiba, yanafunika maji, oksijeni inapungua chini. Wale wadudu wa kula magugu walioletwa miaka ya 90 ndio mfano wako wa kudhibiti kwa kutumia viumbe, huhitaji wa kitabu. (Wa Nakuru nanyi mna flamingo, maji ya ziwa yalipanda, chumvi ikapoa, ule mwani wanaokula ukapungua wakahama. Skimu_Ni_Skimu usituambie hujaitumia hiyo.)

Ya kukamata na kuachilia, ile ya kukadiria idadi ya viumbe, fanya na panzi kwa uwanja, mvua ikishaanza wanakuwa wengi. Neti kuukuu ya mbu na kutekisi. Sisi tulikamata 36 tukawapaka doti moja kwa mgongo, tukaachilia, kesho yake tukakamata 30, tisa walikuwa na doti. 36 mara 30 gawa kwa 9, panzi 120. Kijana mmoja akauliza, na kama yule mwenye kutekisi ameliwa kwa sababu anang'aa? Hilo swali ndio kipindi chenyewe, mengine ni hesabu.

Moja ya mwisho, ya mwakani. Ukifika jenetiki Fom 4 utafundisha selimundu, na huku magharibi na Nyanza iko kwa familia nyingi. Usiingie kama nilivyoingia mimi. Nilichora wazazi wawili AS na AS (wabebaji wasiougua) kwa ubao, nikasema mtoto mmoja kwa wanne anaweza kuwa SS, yaani mgonjwa, nikaendelea na notsi. Kulikuwa na msichana anaugua, mimi sikujua, alilala kwa dawati mpaka kengele. Siku hizi nauliza mwalimu wa darasa kwanza, na mtoto mwenyewe namwita kando siku moja kabla namwambia kesho tutazungumza hii, ukitaka kukaa kaa, ukitaka kwenda maktaba nenda. Wengi hukaa. Tenga kipindi kimoja zaidi hapo.

Mtu_wa_Lebu

Mimi si mwalimu ni wa lebu. Naomba kitu kimoja tu, nipeni orodha ya muhula mzima wiki ya kwanza. Msije saa mbili kipindi ni saa mbili na nusu mnataka DCPIP, ile dawa ya kupima vitamini C. Hiyo mchanganyiko wake ukikaa unaharibika, na haidrojeni peroksaidi iliyokaa kwa dirisha la jua tangu mwaka jana hata ukiweka ini zima haitatoa povu, alafu mnasema ni ini mbaya. Praktiko ni alama 40 kwa karatasi ya tatu, na muhula wa tatu lebu ni ya Fom 4, Fom 3 hampati nafasi hata mkipiga magoti. Maliza praktiko zako kufikia Julai.

Darubini moja inatosha. Shikilia kamera ya simu kwa jicho la darubini, piga picha, wapitishie. Mizizi ya kitunguu, kitunguu kikae juu ya kikombe cha maji siku tatu.

Skimu_Ni_Skimu

@Jamaa_wa_Dunga flamingo naitumia 😅 nusu ya darasa wanatoka upande wa Mwariki, ziwa liliingia mpaka kwa boma zao, hawahitaji picha.

Hiyo safu ya "andaa" nimeiona vizuri sasa. Hiyo haina ubaya.

Mgeni_wa_Shinyalu

Asanteni sana, sikutarajia. Nimekaa nayo jana usiku nikaandika upya. Nimefika 118 kwa sababu Alhamisi alasiri tuna klabu na nimegundua inagonga kipindi changu wiki zingine. Uzazi wa binadamu nimeuweka mwisho kabisa wa Juni, nikiwa nimeshazoeana nao, maana saa hii ukisema tu neno ovari nyuma wanaangukiana.

Mkuu wa idara ameangalia akaniuliza hii safu ya kulia ni ya nini. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo alafu akasema mistari mitatu ni michache, mbuzi wa jirani watakula miwili. Ameniambia nipande mitano na niende kwa bwana shamba leo kabla hajagawa hiyo sehemu kwa mboga za walimu.

Swali dogo tu Madam, ile karatasi ya kufunga ndevu ni ya aina gani, isiingize maji?

MadamBenedict

Ya khaki ile ya mkate, funga na uzi si raba. Na andika tarehe juu yake, la sivyo kuna mtu atachoma hilo hindi Julai akidhani limesahaulika. Kwangu lilichomwa mara mbili.