Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza kwenye ufukwe wa Ireland

Mpwani wa Mayo
Habari zenu wakuu. Kiangazi ndicho hiki, na tuko wengi tunaoishi Ireland au tuliowahi kupita. Karibuni tupeane uzoefu wa fukwe za huku, maana sisi tuliokulia pwani tunadhani bahari ni ile ile.

Naanza mimi. Nilikwenda ufukwe wa Keem, kwenye kisiwa cha Achill, jimbo la Mayo. Neno kisiwa lisikutishe, daraja lipo, unaingia na gari. Ukishapita Keel na Dooagh barabara inapanda ubavuni mwa mlima, bahari iko kushoto, chini kabisa, na kondoo wamelala kando ya lami. Unakata kona, mara ghuba hiyo hapo: mchanga umejipinda kama mwezi mwandamo, milima ya kijani imeukumbatia, maji rangi ya feruzi utadhani Nungwi. Nikavua viatu nikakimbilia majini. Hatua ya tatu pumzi ikakata. Maji ya huku hata mwezi wa nane ni kama nyuzijoto 15 tu.

Bibi mmoja aliyekuwa anaoga akaniita. Akanionyesha: ingia polepole, jimwagie maji mikononi na shingoni, toa pumzi ndefu, subiri mwili ukubali. Nikamfuata. Baada ya dakika tano nilikuwa naogelea.

Kijana wa Mafia
Mkuu, Keem umenigusa. Kwetu Mafia tuna papa potwe. Huko Keem naye yupo papa wake, wanamwita basking shark, wa pili kwa ukubwa kati ya samaki wote baada ya potwe wetu. Hali watu, anaachama tu anachuja vijidudu vya majini. Miaka ya 1950 wavuvi wa Achill walimvua hapo hapo ghubani kwa nyavu, wakitafuta mafuta ya ini lake, mpaka akaadimika. Tangu 2022 sheria ya Ireland inamlinda.

Nilikaa kule juu mlimani saa mbili nzima. Likapita pezi moja jeusi, taratibu, kama ngalawa isiyo na haraka. Watu wote pale tukanyamaza.

Mama Nasra
Mimi yangu ni Inch, Kerry. Pale gari linaingia mpaka mchangani, na ufukwe ni mrefu, kilomita kama tano. Baba Nasra akaegesha karibu na maji ili watoto wasitembee mbali. Mimi mtoto wa Tanga, bamvua, yale maji makubwa yanayofuata mwezi, naijua tangu utotoni, lakini siku ile sikuuliza hata mwezi uko wapi. Saa kumi jioni tuko mkekani tunakula chapati, nageuka, magurudumu yameshalowa! Tukiliwasha linachimba tu, linazidi kuzama. Akaja mkulima na trekta, akafunga kamba, akalivuta. Hela alikataa katakata. Chapati nne alipokea.

Ndugu zangu, angalieni saa za maji kujaa na kupwa kabla hamjatoka nyumbani. Chumvi ilikula breki zetu, tulizibadilisha zote.

Dogo wa Dublin
Wasio na gari: treni ya DART mpaka Portmarnock, kisha mguu kama nusu saa hadi ufukweni. Mchanga wake ni mgumu kiasi kwamba mwaka 1930 ndege ya Southern Cross iliruka kutoka pale kuvuka Atlantiki.

Mwana wa Paje
Mie nataka kusema la mwani. Jirani yangu wa Connemara alinichemshia mwani wao, carrageen, kwa maziwa na sukari, ukaganda kama faluda. Akanieleza kwamba karajini, ile ya kugandishia vyakula inayotolewa kwenye mwani wanaolima mama zetu Paje na Jambiani, imepata jina kwa mwani huo. Akanipa mkavu mkononi. Nikaunusa: harufu ya kanga za mama akirudi shambani maji yakianza kujaa. Machozi yalinitoka.

Mpwani wa Mayo
Mwana wa Paje, asante kwa hilo. Mama Nasra, poleni na breki. Niongeze moja: ogeleeni katikati ya bendera za nyekundu na njano, hapo ndipo waokoaji wanapoangalia. Nyekundu tupu, usiingie. Likitokea la kutokea piga 112, omba Coast Guard.

Jumamosi narudi Keem na watoto, maji yanakupwa saa tisa mchana. Chai ya tangawizi nabeba mimi. Mwenye nafasi aje na mkeka.